Mke Mwenzangu Kutoka Chuoni

Jumatatu, 3 Juni 1996

Siri imeingia nyumbani kwangu. Imeingia mchana kweupe, na baiskeli.

Mwenye baiskeli ni Scola, mwanafunzi aliyeletwa na treni kutoka chuoni, kuja kujifunzia kwa wagonjwa wetu wa Mpanda. Wiki ya tatu sasa anakuja hapa Mwamkulu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mgonjwa wake ni mume wangu, Mzee Enoka, ambaye mwezi wa kwanza aliamka upande wa kulia umelala na maneno yamepungua. Kitu anachosomea kinaitwa tiba kwa kazi. Siku ya kwanza nilimpa jembe nikamwonyesha shamba la karanga. Akacheka. Akasema si kazi hiyo, Bibi, ni kazi zake Babu mwenyewe: kula, kuvaa, kushika vitu. Nikamwambia hizo kazi zote zina mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Maana ni kweli. Miezi mitano mkono wa kulia wa Enoka ni huu ninaoandikia. Nimemlisha, nimemvalisha, nimemkuna mgongo. Na kabla ya hapo, miaka arobaini na moja ya ndoa. Hakuna kitu cha Enoka nisichokijua. Hata jino lake lililotoboka nalijua ni la ngapi.

Leo Scola kapiga magoti mbele ya kiti chake, kamwuliza: "Babu, wewe mwenyewe unataka uweze kufanya nini?"

Yeye mwenyewe! Na mimi nimesimama pale na bakuli la uji kama nguzo ya nyumba. Enoka akamwinamia sikioni. Akanong'ona muda mrefu, kwa kuwa maneno yanamtoka moja moja. Scola akaandika kwenye karatasi. Wakacheka wote wawili.

Nikauliza kasema nini. Scola akasema Babu ameomba ibaki kwanza kati yao, akiwa tayari ataniambia mwenyewe, na huko chuoni wamefundishwa kwamba neno la mgonjwa ni la mgonjwa. Kati yao! Chini ya paa ambalo nyasi zake nilikata mimi.

Na hilo la kumwita Enoka 'mume wangu'. Najua, ni utani wa babu na mjukuu, kila nyumba upo. Mimi mwenyewe nilimkaribisha kwa kumwita mke mwenzangu. Lakini mimi nilikuwa natania. Yeye anasema, mume wangu, nyoosha kidole, na kidole kinanyooka. Nikisema mimi, hakinyooki.

Ameniachia daftari la kijani. Kila jioni niandike Mzee amefanya nini mwenyewe. Kuandika najua. Shule sikuiona hata mlango, ila kisomo cha watu wazima nilimaliza nikiwa na mtoto wa nne mgongoni. La kijani ni la Scola. Hili lenye jalada lililoliwa na panya ni langu. Humu nasema ukweli.

Jumatano, 5 Juni

Nadhani siri ni kijiko.

Kaja nacho leo. Kijiko cha bati, mpini kauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka umenenepa kama hindi bichi, ili vidole vya Enoka viushike. Enoka akala uji mwenyewe. Kula gani? Kijiko kimoja mdomoni, viwili kifuani. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua bakuli nimlishe kama siku zote.

Akafunga mdomo.

Miezi mitano hajawahi kunifungia mdomo. Nikagonga kijiko kwenye midomo yake, kidogo tu, kama mtu anavyobisha hodi. Hakufungua. Scola akasema kwa upole, Bibi, tumwache amalize, hata akimwaga. Tumwache! Shati atafua nani? Chuo?

Daftari la kijani: "Leo Mzee amefanya mwenyewe: hakuna."

Ijumaa, 7 Juni

Nilikizika kijiko kwenye gunia la pumba. Nikakaa mlangoni na uso wa mtu asiye na habari.

Scola akatafuta. Nikamsaidia kutafuta, nikainua hadi kuku. Niliona ameshindwa, nikaanza kuosha mikono nimlishe mume wangu. Basi yule mtoto hakukasirika hata kidogo. Akamgeukia Enoka, akamwuliza: sasa Babu, tufanyeje? Yaani mwalimu anamwuliza mwanafunzi!

Enoka akafikiri. Akanyoosha kidole kwenye paa la jiko, zilikochomekwa zana zake. Huyu mtu amechonga mizinga ya nyuki miaka thelathini, porini huko Kabungu walimjua kwa mizinga yake. Akasema, "Mninga. Na kisu."

Wakakaa kwenye mkeka mpaka jua likahama. Scola kashika mti, Enoka anachonga. Mkono wa kulia ukiteleza, wa kushoto unaurudisha. Mate yanamtoka, jasho linamtoka. Na anaimba. Anaimba kwa pua, lakini anaimba. Sijamsikia akiimba tangu Krismasi.

Mimi ndiye niliyemtafutia hiyo kazi. Mimi na pumba zangu.

Daftari la kijani: "Hakuna."

Jumamosi, 8 Juni

Kijiko cha mti hakimwagi sana kama kile cha bati. Sitaki kukizungumzia.

Jumatano, 12 Juni

Siri si kijiko. Ni Nyanzala.

Nyanzala ni jirani, mjane, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka sita iliyopita. Ana maziwa, ana meno yote, na ana tabia ya kupita hapa kusalimia akiwa amejipaka mafuta. Leo kapita. Na leo, leo hiyo hiyo, Enoka amefunga vifungo vya shati mwenyewe. Vimepanda, cha juu kimeingia tundu la pili, lakini kafunga. Nyanzala akasema, Mzee umependeza kama bwana harusi. Enoka akacheka mpaka akakohoa.

Mimi nikimfunga vifungo hachekagi.

Halafu Scola na Enoka wakaenda nyuma ya nyumba. Nikapitia kwa kuku, nikachungulia. Wana kopo la mafuta limejazwa mchanga. Enoka analinyanyua kwa mikono miwili, analiinamisha, analirudisha. Analiinamisha, analirudisha. Leo nusu kopo. Nimesikia Scola akisema wiki ijayo lijae.

Sasa, kopo hilo nalijua ujazo wake. Ni lita moja na nusu. Nani hapa Mwamkulu anauza maziwa kwa kopo la lita moja na nusu?

Na kuanzia kitandani mpaka mlangoni wanahesabu hatua. Juzi kumi na mbili. Kwa Nyanzala ni hatua mia na tisini. Nimehesabu mwenyewe kwa miguu yangu jioni hii, nikijifanya natafuta mbuzi.

Daftari la kijani: "Hakuna. Amekohoa."

Ijumaa, 14 Juni

Nilikwenda kwa Nyanzala asubuhi, kwa heshima zote. Nikamwambia hospitali wamekataza Mzee asinywe maziwa. Wala asiyaone. Yanaleta kiharusi cha pili.

Nyanzala alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Akaniuliza daktari gani. Nikasema mrefu. Akauliza mbona Scola juzi kachukua kikombe cha mtindi kwake na kumpelekea Babu. Mtindi! Nikasema huyo bado anasoma, hajafika somo la maziwa.

Kisha akasema, "Mama Edgar, mimi wa kwangu nilimzika. Wako yupo. Nenda kakae naye."

Jeuri ile! Anajivunia ujane. Nilirudi nyumbani njia nzima nikitafuta jibu zuri, nikalipata nilipofika kwenye zizi langu, nikamwambia mbuzi.

Jumatano, 19 Juni

Nimegundua ujanja wa Scola uko wapi. Uko kwenye kuuliza. Hana dawa, hana sindano, hana hata koti jeupe. Anapiga magoti, anashusha sauti, anauliza, halafu ananyamaza. Basi. Kitu hicho mtu atakwenda kukisomea miaka mitatu?

Nikasubiri aondoke. Nikapiga magoti mbele ya Enoka. Magoti yangu yakalia kama kuni. Nikashusha sauti. Nikasema, Mzee, wewe mwenyewe unataka nini?

Hapo kuna sehemu ya kunyamaza. Ni ngumu kuliko nilivyodhani. Niliona inzi kwenye shati lake, nikampiga. Niliona ukucha mrefu. Nikasema au unataka uji, au unataka kulala, au ni mguu. Kisha nikakumbuka kunyamaza.

Enoka akaniangalia. Akasema, "Nataka... ukae chini."

Miaka arobaini na moja. Namwuliza mume wangu haja ya moyo wake, ananijibu nikae chini! Kama mtoto anayepiga kelele kanisani. Nikainuka. Nikasimama mchana kutwa. Nimepepeta mahindi nimesimama, nimechambua mchicha nimesimama, chakula cha jioni nimekula nimesimama, yeye akinitazama. Miguu imevimba. Lakini ujumbe umefika.

Daftari la kijani: "Hakuna kabisa."

Ijumaa, 21 Juni

Scola amekuja na wasiwasi. Ijumaa ijayo mwalimu wake anakuja na treni kumsahihisha. Atamwona Babu, atasoma daftari la kijani, kisha ataandika kama Scola amefaulu au arudie mwaka. Akaniomba nilitunze daftari vizuri. Hajawahi kulifungua. Nilimwuliza kwa nini, akasema aliniambia ni langu mimi niandike ninachokiona, na yeye atalisoma siku nitakayompa.

Nikasema vema. Nikajisemea moyoni, subiri.

Alipotaka kuondoka akasimama karibu na jiko. Akasema, Bibi, nimekosea, nimemwuliza Babu kila siku, wewe sijakuuliza hata siku moja. Akashusha sauti ile yake. "Wewe ungetaka nini?"

Nikamwambia, "Nataka ukusanye vitu vyako uondoke. Nataka mume wangu anihitaji."

Akatoa kalamu, akaandika! Namfukuza, anaandika! Halafu akanisomea alichoandika aone kama kakosea. Hakukosea. Akanishukuru. Akapanda baiskeli, akaondoka polepole, na mimi nikabaki nimeshika mwiko, sijui kama nimeshinda au nimeshindwa.

Alhamisi, 27 Juni

Kesho.

Nimelisoma daftari la kijani lote. 'Hakuna' ishirini na nne. Moja ina kikohozi.

Nilifikiri nitafurahi zaidi.

Ijumaa, 28 Juni

Nitaandika yote.

Mwalimu anaitwa Bwana Osward. Mnene, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamkaribisha kiti, nikamkabidhi daftari la kijani kabla hajaliomba. Akalisoma. Anafunua ukurasa, anamtazama Scola. Anafunua, anamtazama. Mwisho akamwuliza wiki sita alikuwa anafanya nini hapa, maana familia inasema mgonjwa hafanyi hata kitu kimoja.

Nilijua Scola atasema Bibi mwongo. Mimi ningesema hivyo. Nilikuwa nimeshaandaa na kilio.

Scola alikuwa amekauka midomo. Akasema Bibi ndiye anayekaa naye usiku na mchana, na yeye hawezi kumwambia Bibi kwamba hakuona alichoona. Akasema kama kuna kosa, ni lake, alijenga urafiki na Babu akamwacha Bibi nje ya mlango. Akatoa karatasi yake akamwonyesha mwalimu nilivyosema nikiwa na mwiko. Bwana Osward akaisoma. Akaanza kuandika kwenye fomu yake, na niliona kichwa chake kinatikisika. Kinatikisika kwa kukataa.

Hapo Enoka akainuka.

Peke yake. Akashika kiti, akashika ukuta, akashika mkongojo. Scola akataka kwenda, kisha akajizuia, akashika sketi yake kwa mikono yote miwili. Enoka akafika kwenye meza. Akachukua beseni kwa mkono wa kushoto akaliweka mkekani. Akarudi. Akachukua jagi la maji. Mkono wa kulia umeshika mpini, wa kushoto umelibeba chini. Namna ile ile ya kopo la mchanga.

Akasema, "Esteria."

Hakusema Mama Edgar. Esteria. Jina hilo mara ya mwisho kulitaja ilikuwa mbele ya mchungaji, siku ya ndoa.

"Esteria. Kaa chini."

Nikakaa. Nilikaa kabla sijafikiri. Nikanyoosha mikono juu ya beseni, na Enoka akaninawisha.

Watu wa mbali hawawezi kuelewa. Katika nyumba zetu mke ndiye hupiga magoti na jagi. Mume ananawa, wageni wananawa, wakwe wananawa. Nimewanawisha watu tangu nina miaka saba. Hakuna mtu, hata siku ya harusi, aliyewahi kulishika hilo jagi akaninawisha mimi. Maji mengine yaliingia kwenye mkono wa gauni, mengine yalimwagika kwenye kiatu cha Bwana Osward. Lakini yalikuja. Yalikuja mpaka jagi likaisha.

Enoka akasema neno moja moja, mwalimu akisubiri kila moja. Kwamba siku ile ya kunong'ona Scola alimwuliza anataka nini. Akasema anaona aibu kulishwa kila siku na mtu asiyekaa. Akasema anataka mkewe akae, yeye amnawishe, wale pamoja. Basi. Hiyo ndiyo siri.

Nililia. Nikasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kisha nikamwambia Bwana Osward ukweli wote. 'Hakuna' zote ni uongo, kijiko kiko kwenye pumba, vifungo anafunga tangu tarehe kumi na mbili. Akaniuliza kwa nini niliandika hivyo. Nikamwuliza yeye ana mke. Akasema anaye. Nikasema basi amwulize.

Akafuta alichoandika, akaandika upya. Scola amefaulu. Ila amemwambia mbele yangu kwamba nyumba yenye wazee wawili ina wagonjwa wawili, amwulize kila mmoja tangu siku ya kwanza, na akumbuke hivyo kokote aendako. Nikasema mimi si mgonjwa. Wakanyamaza wote watatu. Nikajua ni ile namna yao ya kunyamaza.

Jumamosi, 29 Juni

Nimemsindikiza Scola stesheni. Nimempa karanga debe nusu na chupa ya asali. Alisema, kwaheri mke mwenzangu, nitunzie mume wetu. Nikamkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Nimemwambia nimeuacha wivu, sina haja nao tena, kwa umri wangu ni aibu. Na nilimaanisha. Treni ilipoondoka nililia kama nimepeleka binti.

Jumapili, 30 Juni

Nyanzala amekuja kula baada ya ibada. Nilimwalika mwenyewe, kwa kuwa sina wivu tena.

Enoka akainuka na jagi. Akaninawisha mimi. Vizuri. Akamnawisha Nyanzala. Nyanzala akasema, Mzee, tope la ng'ombe halijatoka hapa, na Enoka akamwongezea.

Akamwongezea.

Kwangu mara moja. Kwake mara mbili. Nimeona kwa macho yangu. Na yalimwagika kidogo kuliko kwangu!

Tangu saa nane mchana mkono wangu wa kulia hauinuki. Sijui umepatwa na nini. Nimeketi kwenye kiti chake, umelala mapajani kama samaki. Enoka kaniuliza unauma wapi, nikasema kote. Amenivua kitambaa kichwani. Amenilisha ugali kwa kile kijiko cha mninga, kijiko kimoja mdomoni, viwili kifuani, na sikufunga mdomo. Nyanzala amekwenda kwake. Bwana Osward alisema mwanafunzi mwingine atakuja mwezi wa tisa, mwanamume, anaitwa Gaspar. Aje. Atanikuta nimeshajua nitakachomjibu.

Haya naandika kwa mkono wa kulia kwa kuwa Enoka yuko nje ananichotea maji ya kunikanda. Nikisikia mkongojo nahamishia kalamu kushoto.